Koo la Bunduki

Karatasi ya mfuko wa saruji ina tabaka kadhaa, na Mjomba alizitaka zile za ndani, zisizoguswa na vumbi. Tulizigandisha kwa uji wa muhogo mpaka zikawa mashuka mawili mapana kuliko mlango, tukayapeleka nje ya kijiji, upande wa Magu, mahali ambapo Ghuba ya Speke huonekana kwa mbali kama ukanda wa bati juani. Shuka la kwanza tulilipigilia kwa vijiti kwenye kichuguu. Mjomba alikuwa karani wa mizigo Bandari ya Mwanza Kusini, na kwake kila kitu duniani kilikuwa na idadi. Alikuwa na shotgani ya mitutu miwili iliyolala bega kwa bega, kibali chake cha polisi kikikaa ndani ya Biblia, na likizo zake zote ziliishia kwa kanga na kwale. Siku ile hatukufuata kanga. Tulikwenda kupiga karatasi.

Alipima umbali kwa kamba ya mtumbwi, yadi 40, yaani mita 36 na nusu. Akafyatua mtutu wa kulia. Tukabandika shuka la pili, akafyatua wa kushoto. Kisha kwenye kila shuka akatafuta mahali ambapo matundu yamesongamana zaidi, akachomeka msumari, akafunga uzi wa sentimita 38 na kuzungusha mkaa hadi likatokea duara la sentimita 76 kutoka ukingo hadi ukingo. Kazi ya kuhesabu ilikuwa yangu. Kila tundu nililolihesabu nililigusa kwa mkaa nisilirudie. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeshapasua risasi moja ya pakiti ileile juu ya sinia na kuhesabu marisau yaliyokuwa ndani: 287. Mtutu wa kulia ulikuwa umeingiza 148 kwenye duara. Wa kushoto, 192.

"Umeona, mwanangu," alisema. "Mitutu ni pacha, ila koo si moja."

Wenye mchezo wa kulenga huliita choki. Mimi nimebaki na neno la Mjomba, kwa sababu linasema kinachotokea: mtutu unakuja mpana na ulionyooka, halafu karibu na mdomo unabanwa kidogo, kama koo la mtu anayetaka sauti yake ifike ng'ambo. Marisau yakipita hapo hubanwa pamoja, na yakitoka nje huchelewa kutawanyika. Mtutu usiobanwa kabisa huweka kama asilimia 40 ya marisau yake kwenye lile duara kwa yadi 40. Uliobanwa nusu huweka 60. Uliobanwa kikamilifu huweka 70. Na sasa kipimo: mtutu wa kawaida wa shotgani, ule wanaouita namba 12, una kipenyo cha milimita 18 na nusu, na tofauti ya koo lililo wazi kabisa na koo lililokazwa kabisa ni milimita moja, pengine pungufu kidogo. Kadi ya benki ina unene wa robo tatu ya milimita. Mabishano yote ya wapiga shotgani kuhusu koo, vitabu vyote, ugomvi wote wa vibarazani, unaingia katika unene wa kadi moja na ushei.

Bunduki nyingi hubeba siri hiyo chini ya mtutu, karibu na bawaba, kwa nyota ndogo zilizochongwa. Nyota moja ndilo koo kali. Nyota nne ni koo lililolegea. Kwa nini nyota zipungue kadiri ukali unavyozidi sikuwahi kuelewa, na nilipomuuliza Mjomba alisema hata bandarini kuna fomu za namna hiyo. Mtutu wake wa kushoto ulikuwa na nyota moja, maana yake uliahidi 70 kwa mia. Karatasi ilisema 67. Alifurahi kuliko kama ingesema 70. Nyota, alisema, zimeandikwa na mtu aliyekuwa Ulaya, tena hakuwa na risasi zetu hizi.

Hapo ndipo nilipoupenda ufundi huu, kabla sijafyatua bunduki hata mara moja. Ni ufundi wa kutoamini maandishi. Bunduki ileile, koo lilelile, ukibadilisha pakiti ya risasi, duara hubadilika. Kikombe cha plastiki kinachobeba marisau kikiyakinga vizuri zaidi, marisau hayakwaruzwi na kuta za mtutu, hubaki mviringo, huruka pamoja. Yaliyobonyea hupotea pembeni. Hakuna nyota inayoweza kukuambia hayo. Unalazimika kubandika karatasi, na kuhesabu ni kazi ya kuchosha inayochukua muda kuliko kupiga. Nimewaona wenye bunduki za thamani ya nyumba ambao hawajawahi kuhesabu.

Wazo lenyewe lina umri wa gobore za babu zetu wengine. Mfua bunduki wa Newcastle, Uingereza, aitwaye W. R. Pape, alilipatia hataza mwaka 1866. Miaka miwili baadaye Mmarekani Sylvester Roper alipata hataza ya koo la kufunga na kufungua mdomoni, babu wa vile vijibomba vya kuzungusha vilivyomo kwenye mifuko ya wapigaji wa leo. Lakini simulizi ninayoipenda ni ya Fred Kimble, mwindaji wa bata kwenye madimbwi ya Illinois. Kwa maelezo yake mwenyewe, alichonga mtutu ukabaki na mbano mdomoni, akaujaribu, ukatawanya marisau vibaya. Akaamua kuuondoa mbano wote. Akachonga, akadhani ameumaliza, akapiga, na marisau yakaenda pamoja kama yamefungwa uzi. Alipopima akakuta mbano kidogo umebaki. Alikuwa anafuta kosa, akaishia katikati, na hapo katikati ndipo palipokuwa na dawa.

Mchezo wa kulenga vitu vinavyorushwa ulianzia kwa ndege hai. Njiwa alifungiwa kwenye kisanduku, kamba ikavutwa, akaruka, akapigwa. Kisanduku kiliitwa mtego, na jina hilo, kwa Kiingereza trap, ndilo mchezo unalo hadi leo. Kwenye mashindano ya Paris ya mwaka 1900 walikuwa bado wanapiga njiwa wa kweli. Lakini tayari mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati alikuwa ametoa kisahani cha udongo. Inasimuliwa kwamba aliwaona watoto wakirusha makombe bapa juu ya maji yakirukaruka. Mtoto yeyote wa Igombe au Luchelele angemwonyesha jambo hilo kwa kijiwe. Siku hizi kisahani si udongo tena. Ni lami na mawe ya chokaa yaliyosagwa, kipenyo milimita 110, uzito gramu 105, kigumu kiasi cha kustahimili kurushwa na dhaifu kiasi cha kuvunjwa na punje mbili.

Sijui uwanja wa mchezo huo hapa Mwanza. Nilichonacho ni televisheni ya kibanda cha chai Kirumba, alasiri ya tarehe 31 Julai 2024, ambapo fainali ya wanawake ya Michezo ya Olimpiki ilikuwa ikioneshwa kutoka Châteauroux. Waliokuwepo walitaka mpira. Adriana Ruano wa Guatemala, ambaye aliwahi kuwa mwanajimnastiki mpaka akaumia mgongo, alikuwa akivunja visahani kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kikifuka poda ya rangi hewani.

"Huyu dada anavunja vyombo?" mzee mmoja akauliza.

"Visahani, mzee."

"Na nani anavilipia?"

Alivunja 45 kati ya 50, dhahabu ya kwanza katika historia ya nchi yake. Kibanda kilishangilia, nadhani kwa sababu kushangilia ni kuzuri kwenyewe. Mimi nilikuwa natazama mdomo wa mtutu. Katika raundi za mchujo mpigaji anaruhusiwa kufyatua mara mbili kwa kila kisahani, lakini fainali ni mara moja tu. Aliyezoea kujipa nafasi ya pili kwa mtutu wa pili, hapo hana. Koo alilolichagua kwa mtutu wa kwanza ndilo hukumu yake.

Hebu tuhesabu kama Mjomba. Kisahani kinapokukimbia hakikuoneshi uso wake. Zaidi hukuonesha ukingo, ambao una kimo cha milimita 25 hivi. Ukingo huo ni kama sentimita 27 za mraba. Duara la mkaa lina zaidi ya sentimita 4,500 za mraba. Risasi ya Olimpiki haizidi gramu 24, na marisau ya milimita 2.4 katika gramu hizo yanakaribia punje 300. Koo kali litaweka 210 ndani ya duara: ukigawanya, ukingo wa kisahani unapata punje moja na robo kwa wastani. Koo lililo wazi litaweka 120, na ukingo unapata chini ya punje moja. Chini ya punje moja maana yake ni kwamba unaweza kulenga sawasawa, bila kosa lolote, kisahani kikapita katikati ya marisau kama mtu anayepita sokoni asiguswe na yeyote. Mjomba alikuwa na usemi wake kwa karatasi yenye mapengo: hapa kanga anapita na vifaranga vyake.

Basi kila mtu angechagua koo kali na maneno yakaisha. Lakini kisahani hakisubiri yadi 40. Kinatoka shimoni, mita 15 mbele yako, kwa mwendo unaokaribia kilomita 100 kwa saa, na hujui kama kitakwenda kushoto, kulia au moja kwa moja. Mwepesi hukikuta kwenye mita 30 au zaidi kidogo. Mzito akisita robo sekunde, kimeshamwongezea mita 5 au 6. Kwa yule mwepesi, koo kali linarusha shada la marisau dogo mno, na akikosea kidogo amekosa kabisa; yeye humfaa koo la kati, milimita nusu hadi robo tatu, kwa mtutu wa kwanza, kisha kali kwa wa pili, kwa kuwa wa pili hufuata kitu kilichokwisha kuwa mbali. Mzito heri akaze yote mawili. Kwa hiyo swali la kwanza la mchaguzi halihusu bunduki kabisa. Ni: mimi nachelewa kiasi gani? Na ni watu wachache wanaolijibu kwa ukweli, hasa wanaume, hasa mbele ya wanaume wengine. Wengi hununua koo kali kwa sababu linaitwa kali.

Mvuvi wa sangara hana kiburi hicho. Akiingia duka la nyavu hapohapo Kirumba haulizi nyavu kali. Huuliza jicho, inchi ngapi, kwa sababu anajua samaki gani anamfuata na kwenye kina gani, na nyavu ya dagaa haimfai hata akipewa bure. Kwa Mjomba, porini, hesabu ilifanana na ya yule mwepesi wa visahani: kanga humrukia mtu miguuni, kwa hiyo mtutu wa kulia, ulio wazi zaidi, ulitangulia, na wa kushoto ukamfuata aliyekimbia. Alikuwa na vifyatulio viwili, akibadilisha kidole bila kufikiri. Nilimwona akifanya hivyo mezani kwa kijiko na uma.

Jambo moja hakulijua, au wakati wake halikuwa likisemwa. Aliwapiga pia bata wa majaruba ya mpunga, na marisau yaliyokosa yalizama kwenye tope. Bata humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, na punje ya risasi haina tofauti na changarawe machoni pake. Kiswahili kimeviita kwa jina moja, madini yenyewe na kile kinachotoka mtutuni, na bata hufa kwa vyote viwili. Tanzania imo kwenye mkataba wa kuwalinda ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika na Ulaya, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku marisau ya risasi kwenye ardhi oevu tangu Februari 2023. Badala yake ni chuma, na chuma kimewarudisha wapigaji kwenye karatasi. Ni kigumu, hakibonyei, huruka kikiwa kimeshikamana chenyewe, kwa hiyo hutaka koo lililolegea. Ukikipitisha kwenye nyota moja ya mtutu wa zamani unaweza kuuharibu mtutu wenyewe. Ujuzi wa miaka 100 wa nani akaze na nani alegeze umebidi uhesabiwe upya, tundu kwa tundu. Mjomba angeomba likizo kwa kazi hiyo.

Alipofariki, bunduki ilikwenda polisi kama sheria inavyotaka, na hakuna aliyeomba kuirithi. Mimi nilichukua karatasi. Ile ya mtutu wa kushoto imekunjwa mara nane, duara la mkaa limefifia, na pembeni kuna mwandiko wake wa bandarini: 192, yadi 40, tarehe, upepo hakuna. Mwezi uliopita niliining'iniza dirishani mchana ili mwanga upite, nikahesabu tena kwa kalamu nyekundu. Nilipata 194. Nilirudia, nikapata 194. Ama nilikosea nilipokuwa mtoto na yeye akaniamini, jambo ambalo silitegemei kwake, ama matundu mawili kati ya hayo ni ya mende.