Kazi ya Msikilizaji Katika Ngoma za Lamu

Mwimbaji akikosea, watu humwambia. Mpiga ngoma akipotea, hata mtoto hujua. Lakini hapana desturi kati yetu ya kumpima msikilizaji. Yeye huja, huketi au husimama, kisha hurudi kwake, na hapana mtu aulizaye kama alifanya kazi yake vema au vibaya. Watu hudhani kuwa hana kazi. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kuwa anayo, na kwamba ngoma nyingi zinazosifiwa au kulaumiwa kwa ajili ya wachezaji zilistahili sifa au lawama hiyo kwa ajili ya watazamaji. Mifano yangu naitwaa zaidi katika visiwa vya Lamu. Huko ngoma za kale na matamasha mapya hukutana katika uwanja mmoja, na mtu mwenye macho na masikio aweza kuyalinganisha kwa urahisi.

Tuanze na hadithi ambayo vijana wengi wa pwani wameisikia. Fumo Liyongo, shujaa na malenga, alitiwa gerezani Pate kwa amri ya mtawala aliyemwogopa. Mama yake alimpelekea mkate wa wishwa kwa mkono wa kijakazi, na ndani ya mkate alificha tupa. Ilibaki shida moja. Tupa ikikereza chuma hulia, na walinzi wana masikio. Basi Liyongo akataka gungu lichezwe nje ya gereza. Akawafundisha watu wimbo, matoazi na tasa zikapigwa, waitikiaji wakapaza sauti zao, naye ndani akakata minyororo yake. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyeuandika utenzi wa Liyongo mwaka 1913, alikuwa mchongaji, mwandishi wa hati nzuri, mshairi na mpenda ngoma. Haikosi alijua thamani ya sehemu hii ya hadithi.

Walimu hutoa kisa hiki kuwa mfano wa werevu wa Liyongo. Mimi naona ni mfano wa nguvu ya kiitikio pia. Mwimbaji alikuwa mmoja, tena amefungwa. Kama waliokuwa nje wangenyamaza ili wamsikilize kwa heshima, kama watu wanyamazavyo katika baadhi ya kumbi za Ulaya, tupa ingesikika na shujaa angekufa. Kimya chao kingekuwa adabu njema na msiba mkubwa. Sauti ya hadhara ndiyo iliyomfungua.

Kazi ya kwanza ya msikilizaji, basi, ni kuitika. Katika Lamu ya leo mfano wake bora ni Maulidi yanayosomwa kila mwaka katika Msikiti wa Riyadha, mwezi wa Mfungo Sita. Maulidi ni ibada, na mhakiki hana ruhusa ya kuitia ibada katika mizani yake. Natazama hapa umbo la mkusanyiko tu. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyeishi Lamu hata akafariki huko katika miaka ya 1930, ndiye aliyeyaeneza mjini maulidi yaliyotungwa na Ali al-Habshi wa Hadramaut. Yalisomwa kwa matari na kwa sauti za pamoja. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakuridhika. Walichukizwa na kuingia kwa matari msikitini. Tena haikuwa jambo dogo machoni pao kuona watu wanyonge, na waliokuwa watumwa jana, wakikaribishwa na kuitika pamoja na wenye nasaba.

Uzuri wa mkusanyiko huu ni kwamba hauna jukwaa. Safu hukabiliana, matari hupanda na kushuka, miili huinama na kuinuka pamoja. Mgeni aliyetoka Mombasa, Unguja au Ngazija akijua maneno, hupata nafasi yake mara moja. Anayetaka kutazama tu huona haya, maana kila aliye kando yake ana shughuli. Lakini jambo hili lisitufanye tuyatukuze ya kale kupita kiasi. Katika zama za waungwana gungu lilikuwa na wenyewe, na watu wengi waliruhusiwa kulisikia kwa mbali tu, nyuma ya ukuta. Kuitika si kazi ya msikilizaji peke yake, sharti aruhusiwe. Mkusanyiko unaomfungia mtu mlango hauna haki ya kumlaumu kwa kunyamaza.

Kazi ya pili ni kuelewa, na mwalimu wake ni taarabu. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu na kufariki mwaka 2016, alikuwa bingwa wa udi aliyeyatia mashairi ya pwani katika muziki bila ya kuyavunja shingo. Aliipa heshima lahaja ya kwao, ambayo msikilizaji wa bara huifuata kwa taabu. Nyimbo za namna hii huzungumza kwa mafumbo. Mwimbaji akitaja jahazi lililoiacha bandari yake, mgeni hudhani anasikia habari za bahari; wenyeji wamekwisha geuza shingo kumtazama mume fulani. Wote wawili wameburudika, lakini mmoja amepata ganda na mwingine amepata kiini.

Hapa ndipo marafiki wanapokuwa na faida. Mtu akienda peke yake kwenye taarabu huweza kurudi na sauti nzuri kichwani na hapana zaidi. Akienda na wenziwe, mmoja ataijua lahaja, wa pili ataijua habari ya mjini, wa tatu atakumbuka kuwa neno lile lilitumiwa zamani kwa maana nyingine. Kesho yake barazani watalijadili fumbo mpaka liwe wazi au lizidi kuwa tamu. Masikio mengi yaliyoketi pamoja huwa sikio moja lenye akili.

Katika taarabu kuna pia desturi ya kutunza. Msikilizaji huinuka mahali pake, huenda hata mbele, na humpa mwimbaji fedha katika beti ile ile iliyomgusa. Wako wanaoidharau desturi hii kuwa ni majivuno. Mimi naiona ni uhakiki wa hadhara nzima. Kwa kuchagua ubeti wa kuinukia, mtu hutangaza mbele ya wote kuwa maneno haya ni bora kuliko yale, au kwamba yamempata, au kwamba yamempata jirani yake. Ubaya huja pale ambapo noti hutolewa ili ionekane. Hapo mwimbaji hujifunza kurudia maneno yanayoleta fedha na kuyaacha yanayoleta fikira. Hadhara isiyochagua vema humharibu msanii wake kwa ukarimu.

Kazi ya tatu ni kuwa tayari kuingia. Itazame kirumbizi. Zumari hulia, ngoma hujibu, watu hufanya duara, na wanaume wawili huingia kati na fimbo zao. Mmoja hupiga, mwingine hukinga. Mmoja akitoka, mwingine huishika fimbo. Nani ataingia sasa? Labda aliye kando yako, labda wewe. Ama Goma la Lamu lina tabia tofauti kabisa. Wanaume waliovaa kanzu husimama safu moja na bakora mkononi, na huzisogeza pamoja polepole, kwa utulivu wa watu wasio na haraka wala hofu. Ndani ya goma hapana mtu awezaye kung'aa peke yake. Akijaribu, huiharibu safu. Ngoma hizi mbili hazifanani, lakini humtaka mtazamaji wa namna moja. Mtazamaji ambaye huenda akaitwa kuingia hutazama mikono na miguu. Mtazamaji ambaye hataitwa kamwe hutazama mavazi.

Sasa tuyapime matamasha mapya kwa mizani hiyo. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Tamasha la Utamaduni la Lamu lilianza katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne. Lina sifa zake, na ni dhuluma kuzificha. Lina mashindano ya jahazi na ya punda, lina mashairi, lina ngoma za watu mbalimbali, na limewapa vijana sababu ya kujifunza mambo ambayo huenda wangeyaacha. Mara nyingi hadhara hukusanyika katika uwanja wa mbele ya Ngome, jengo lililoanza kujengwa karibu na mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821, ambalo lilikuwa gereza mpaka mwaka 1984. Mahali palipofungiwa watu pamekuwa mahali pa furaha. Hilo peke yake ni jambo jema.

Lakini tamasha lolote lina hatari tatu. Ya kwanza ni saa. Goma lina mwendo wa taratibu, na utamu wake huingia mwilini baada ya muda mrefu. Likipewa dakika chache kati ya mchezo huu na ule, mtazamaji huliona umbo lake tu, kama mtu aliyeonyeshwa chungu asionje mchuzi. Hatari ya pili ni kipaza sauti. Sauti ya mmoja ikikuzwa kupita ya watu wote, kiitikio hufa, na watu wakijisikia hawasikiki huacha kuimba. Hatari ya tatu ni mstari unaowekwa kati ya viti na uwanja. Fimbo za kirumbizi zikipigwa kwa ajili ya picha, mchezaji hujali zaidi namna anavyoonekana kuliko namna anavyokinga, na mshindani wake huwa mwenziwe katika mchezo wa kuigiza.

Sisemi kuwa jukwaa ni adui. Unguja kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwezi wa Februari mwaka 2004, na Ngome Kongwe imekuwa nyumba yake mashuhuri. Pale jukwaa, taa na vipaza sauti ni sehemu ya kazi yenyewe, maana wengi wa wanamuziki wanaoitwa hutunga kwa ajili ya jukwaa. Vijana huja kwa makundi, hucheza mpaka usiku mwingi, na huo ndio mwitiko unaotakiwa. Kosa ni kuichukua ngoma iliyozaliwa katika duara na kuipandisha jukwaani bila ya kuuliza nini kitapotea, kisha kuwalaumu wachezaji kwamba ngoma yao haina moto.

Ama marafiki nao wanaweza kuwa ukuta. Kundi likija kwenye ngoma ili lijitazame lenyewe, huipa ngoma mgongo, huinua simu, hujipiga picha, na kesho huwa na ushahidi kuwa lilikuwapo bila ya kumbukumbu ya lililosikika. Simu ina kazi njema: kwa simu, kijana wa Faza aliyeko Dubai huisikia sauti ya kwao. Lakini mkono ulioshika simu hauwezi kupiga kofi. Jambo la kuhuzunisha kuliko yote ni kumwona kijana wa Lamu akilitazama goma kama mtalii alitazamavyo, kwa udadisi wa dakika mbili. Mtalii hana lawama, kwa kuwa hakufundishwa. Kijana yule amekuwa mgeni katika ngoma ya babu yake.

Huenda mtu akasema kuwa hadhara si muhimu tena, kwa kuwa nyimbo zote zimehifadhiwa katika mashine. Miaka ya karibuni imetupa jibu. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Serikali ilipiga marufuku watu wa Lamu kutoka nje usiku. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizuia mikusanyiko katika nchi nyingi za dunia. Nyakati hizo zote nyimbo zilikuwamo katika simu na redio, wala hapana hata moja iliyopotea. Lakini watu hawakusema kuwa wanazo ngoma. Walisema wamezikosa. Walichokikosa ni wao wenyewe wakiwa pamoja: sauti ya kuitika, fumbo la kufumbuliwa, duara la kuingia.

Msomaji kijana, utakapokwenda na wenzako kwenye ngoma, taarabu au tamasha, jiulize mambo matatu kabla ya kuwahukumu wachezaji. Je, niliitika nilipopewa nafasi? Je, nimeelewa, na nisipoelewa nilimwuliza nani? Je, niliufuata mchezo kama mtu ambaye huenda akaitwa? Ukishajibu hayo, kosoa utakavyo, na neno lako litakuwa na uzito. Wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Wengi hudhani maana yake ni kwamba watu wa nyumbani hupendelea. Nadhani iko maana iliyo bora zaidi. Kwao mtu ni mahali ambapo watazamaji wanaijua ngoma kiasi cha kutambua mguu uliokwenda sawa na mguu uliokosea, na tuzo yao ina thamani kwa sababu hiyo. Wachezaji wa Lamu bado wapo. Kama watakuwa na kwao pa kuchezea, hilo litategemea wanaosimama kandokando ya uwanja.