Sahani ya Mwanamichezo Juu ya Mizani

Mjadala kuhusu nguvu za wanamichezo wa Kakamega huanzia mahali pabaya. Msimu unapokaribia, swali huwa ni lile lile: mchezaji anywe nini, ameze nini au atafune nini ili miguu isimwishie kabla ya dakika ya 90? Huyu atataja mkebe wa unga wa virutubishi kutoka Nairobi, yule mzizi wa mukombero, mwingine sindano ya duka la dawa. Sahani ya jana usiku haitajwi. Ilhali kuna Wakenya waliowahi kuiweka sahani ya wanariadha juu ya mizani, na namna walivyoifanya kazi hiyo inafaa kusomwa na kila kocha wa magharibi mwa nchi.

Utafiti wenyewe ulichapishwa mwaka 2004. Uliongozwa na Vincent Onywera, na miongoni mwa wenzake walikuwemo Mike Boit, mshindi wa shaba katika mita 800 za Olimpiki ya Munich 1972, na mtafiti Yannis Pitsiladis. Walikaa na wanariadha 10 wa mbio ndefu kambini kwa siku 7, wiki moja kabla ya mashindano makubwa. Hawakutegemea kumuuliza mtu alikula nini jana, kwa sababu kumbukumbu hudanganya: chai ya saa nne husahaulika, na kipande cha ugali hukua au kupungua kulingana na anayekisimulia. Chakula kilipimwa kwa mizani. Shughuli za siku ziliandikwa pia, kuanzia mbio za alfajiri hadi usingizi wa mchana, ili kukadiria nguvu iliyotumika.

Wanariadha hao walikula wastani wa kilokalori 2,987 kwa siku na kutumia 3,605. Asilimia 76.5 ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga, ambayo ni gramu 10.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mafuta yalichangia asilimia 13.4 na protini 10.1. Ugali ulikuwa nguzo, ukisaidiwa na wali, viazi, maharagwe, kabichi na maziwa, na takriban moja ya tano ya nguvu yote ilitoka kwenye sukari, nyingi yake ikiingia na chai. Nyama ililiwa mara chache kwa wiki, tena kidogo. Mikebe ya unga wa virutubishi haikuwepo.

Hapa ndipo mchambuzi anapopaswa kusimama na kukagua hesabu. Upungufu wa siku moja ni kilokalori 618. Ukizidisha kwa 7 unapata 4,326. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo upungufu huo ungeyeyusha kama nusu kilo na ushee. Mizani ya mwili ilisemaje? Wastani wa uzito ulishuka kutoka kilo 58.9 hadi 58.3. Vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa njia tofauti vinakutana karibu sawasawa, ingawa sehemu ya uzito huo inaweza kuwa maji tu. Mimi huuamini utafiti zaidi ninapoona namba zake zinashuhudiana namna hii.

Mwaka 2006 kundi la Pitsiladis lilirudia kazi hiyo kwa njia ngumu zaidi. Wanariadha walinyweshwa maji yenye atomi nzito za haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa ya kaboni tunayoitoa tunapopumua. Ukipima mkojo siku baada ya siku, tofauti ya kasi ya kutoweka kwa atomi hizo mbili inakuambia mtu ametoa kaboni kiasi gani, na kutokana na kaboni unajua amechoma nguvu kiasi gani bila kumfungia maabara. Jibu lilikuwa lile lile: walitumia nguvu kuliko walivyokula.

Sasa tuje kwetu. Mchezaji wa soka wa Kakamega Homeboyz au wa raga wa Kabras Sugar hakimbii kilomita 100 na zaidi kwa wiki, kwa hiyo hahitaji gramu 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito. Jopo la wataalamu wa UEFA lilipendekeza mwaka 2020 gramu 6 hadi 8 kwa kilo siku ya kuamkia mechi na siku ya mechi yenyewe. Kwa mchezaji wa kilo 70 hizo ni gramu 420 hadi 560. Unga wa mahindi una wanga karibu robo tatu ya uzito wake, na ukisongwa kwa maji mara mbili, kila gramu 100 za ugali uliopikwa hubeba takriban gramu 25. Ugali wa nusu kilo, ambao kijana wa Malava atauona wa kawaida kabisa, unampa kama 125. Hata akiula mchana na jioni bado hajafika 420. Pengo linazibwa na uji wa asubuhi, viazi vitamu, mushenye, ndizi na sukari nguru inayochemshwa humu humu katika kaunti ya miwa. Kocha anayemwambia mchezaji apunguze wanga siku ya kuamkia mechi anamnyima mafuta ya gari analomtaka aliendeshe kwa kasi.

Mboga nazo zina habari ambayo wengi hawaijui. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu virutubishi vya ziada, na vile vilivyotajwa kuwa na ushahidi mzuri wa kuongeza uwezo moja kwa moja ni vitano tu: kafeini, kriatini, naitreti, bita-alanini na baikaboneti. Naitreti huuzwa Ulaya kama maji ya bitiruti ndani ya vichupa. Hapa imo kwenye tsimboka, yaani mchicha, moja ya mimea inayokusanya naitreti kwa wingi. Bakteria walio juu ya ulimi huigeuza kuwa naitraiti, kisha mwili huitumia kutengeneza gesi inayopanua mishipa ya damu na kupunguza oksijeni ambayo msuli unahitaji kwa kazi ile ile. Kiasi kinachopendekezwa ni miligramu 310 hadi 560, saa 2 hadi 3 kabla ya mchezo.

Tatizo liko jikoni. Naitreti huyeyuka majini. Mboga zetu chungu, kama tsisaka na managu, huchemshwa na maji ya kwanza kumwagwa ili uchungu upungue, na sehemu kubwa ya naitreti huondoka na maji hayo. Sisemi watu waache kuziandaa mboga za mama zao kama zilivyozoeleka. Nasema siku mbili tatu kabla ya mechi, tsimboka ipikwe kwa maji kidogo na mchuzi wake uliwe. Nao wanaosukutua kinywa kwa dawa ya kuua vijidudu asubuhi ya mechi wanawaua bakteria wanaoigeuza naitreti. Faida yenyewe ni ndogo, asilimia 1 hadi 3 katika vipimo vinavyofanana na mashindano, na huwa ngumu kuonekana kwa walioiva sana kimazoezi. Kwa mchezaji wa shule ya upili inaweza kuonekana zaidi.

Chai inahitaji tahadhari ya aina nyingine. Kafeini hufanya kazi kwa miligramu 3 hadi 6 kwa kilo, na kikombe cha chai ya maziwa kina miligramu chache mno kufikia 210 ambazo mtu wa kilo 70 angehitaji. Kibaya ni chai inayonywewa pamoja na mlo wa maharagwe na mboga, kwani tanini zake huzuia zaidi ya nusu ya madini ya chuma ya mimea yasiingie damuni. Kwa msichana anayecheza na huku anapata hedhi kila mwezi, jambo hili ni zito kuliko mkebe wowote. Asubiri saa nzima baada ya chakula, na sahani iwe na nyanya mbichi au chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Kriatini ndiyo inayonifanya niwaelewe wanaonunua unga wa mikebe. Roger Harris na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba kuila kunaongeza akiba yake katika misuli, na akiba hiyo ndiyo inayolisha mikurupuko ya sekunde chache kama skramu au kumkabili mpinzani. Kilo moja ya nyama mbichi ya ng'ombe ina gramu 4 hadi 5. Kupata gramu 3 kwa siku kutoka buchani kunamaanisha zaidi ya nusu kilo ya nyama kila siku, na ni nyumba ngapi za Kabras zinazoweza hilo? Kwa mshambuliaji wa raga, kriatini safi ina maana. Kwa mkimbiaji wa mita 10,000, kilo moja ya maji inayoongezeka mwilini ni mzigo.

Na mukombero? Mmea huu unaotambaa, ambao wanasayansi huuita Mondia whitei, ulichimbwa katika msitu wa Kakamega hadi ukaanza kuadimika, na baadhi ya wakulima wanaopakana na msitu wakaanza kuupanda mashambani. Gome la mzizi wake hunukia kwa sababu ya kemikali iliyo ndugu wa karibu wa vanila. Matokeo yanayonukuliwa kuhusu nguvu zake, ikiwemo kupanda kwa homoni ya testosteroni, yametoka kwa panya. Kumpima mchezaji kungetaka mukombero usiotambulika: usagwe, ufungwe kwenye kapsuli, na kapsuli nyingine zijazwe unga mtupu, maana harufu peke yake inatosha kumfanya mtu aamini amepata nguvu na kukimbia kweli. Kisha kila mchezaji apimwe mara mbili, akimeza hiki na kile kwa wiki tofauti bila yeye wala anayepima kujua. Mpaka kazi hiyo ifanyike, anayeutafuna kwa ladha na hamu ya kula atafune, ila asiuhesabu kama mafuta ya mechi.

Mchezaji asidhani pia kwamba kila kitokacho ardhini ni salama mbele ya wapimaji wa dawa zilizokatazwa michezoni. Miraa ina kathini na kathinoni, na zote zimo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Mikebe nayo ina mitego: maabara ya Cologne ilipochunguza virutubishi 634 kutoka nchi 13, 94 kati yake vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Sindano ndiyo hatari zaidi. Ferdinand Omanyala, mwana wa magharibi ambaye baadaye aliweka rekodi ya Afrika ya mita 100 kwa sekunde 9.77, alifungiwa miezi 14 baada ya kupatikana na betamethasoni mwaka 2017, dawa aliyopewa akitibiwa mgongo. Sheria humwajibisha mwanamichezo kwa kilichomo mwilini mwake, awe alikijua au la. Tangu Januari 2022, dawa za kundi la betamethasoni zikidungwa kwa njia yoyote zimekatazwa wakati wa mashindano, hata zile za kwenye goti. Kwa hiyo anayekwenda zahanati aanze kwa kutamka kwamba yeye hucheza na hupimwa, aandike jina la kila dawa anayopewa, na aliulizie kwa Wakala wa Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli, ADAK, kabla sindano haijaingia.