Ufundi wa Kutoa Notisi

Kuongeza kitu kwenye programu hakumtishi mtu. Kazi ni kukiondoa, hasa programu ikiwa huria na waliojenga juu yake hawajulikani kwa majina wala kwa idadi. Ninaowasifu hapa ni watunzaji wa Kubernetes, programu ya kuendesha kontena kwenye makundi ya seva, iliyozaliwa Google na kuwekwa hadharani mwaka 2014. Wengi huisifu kwa yaliyomo. Mimi navutiwa na yale yaliyotolewa, na jinsi yalivyotolewa.

Chukua Ingress, sehemu inayopokea maombi kutoka nje na kuyaelekeza kwenye huduma husika ndani. Iliingia mwaka 2015 ikiwa na alama ya beta, na ikabaki nayo karibu miaka 5. Watumiaji hawakungoja ikomae. Waliitwika mizigo yao yote. Umbo la kudumu, v1, lilipofika Agosti 2020, mambo yalikuwa yamebadilika. Zamani uliandika servicePort, ukatia namba kama 80 au jina kama http, vyote mahali pamoja. Sasa namba ina pake na jina lina pake, na pathType, ambayo ungeweza kuiacha, imekuwa ya lazima. Ni masahihisho ya busara, ila hakuna faili ya zamani ambayo ingekubalika chini ya sheria hizo mpya.

Basi kwa takriban mwaka mzima, kuanzia toleo 1.19 hadi 1.22 la Agosti 2021, seva ya Kubernetes ilipokea maumbo yote mawili. Kitu chenyewe ni kimoja: wewe unakiandika kwa umbo la zamani, mwenzako anakisoma kwa jipya, na kikirudi kwako hakijapoteza maana. Kwenda na kurudi bila hasara ni sharti lililoandikwa katika kanuni zao, na ni gumu kuliko linavyosikika, maana lolote linaloweza kusemwa kwa umbo jipya lazima lipate namna ya kubebwa na la zamani. Hiyo ni kazi ya mikono mingi, na asiyeijua hataiona kamwe.

Halafu kuna notisi. Mwenye nyumba muungwana habandiki karatasi ofisi ya mtaa akasema ameshatangaza. Humgongea mpangaji mlango. Maelezo ya matoleo, tuseme kweli, husomwa na wachache. Ndiyo maana toleo 1.19 lilileta jambo ninaloliona bora kuliko mengi yenye sifa: ukitumia njia inayokaribia kuondolewa, seva hukuhudumia kama kawaida, ila jibu lake hubeba onyo, na kubectl, zana ya kuiagiza seva hiyo, hulichapa papo hapo mbele ya macho yako. Linakwambia njia hii itaondoka toleo gani na utumie ipi badala yake. Anayeambiwa ni yule yule mwenye faili mkononi.

Nao watunzaji wenyewe wamejifunga. Beta hairuhusiwi tena kuzeekea majaribioni: ina miezi 9 au matoleo 3, muda wowote ulio mrefu zaidi, kisha ikomae au ipewe notisi. Tangu 1.24, beta mpya huja zikiwa zimezimwa.

Hata hivyo, kuna mlango usiogongeka. Tarehe 14 Machi 2023 Reddit ilipandisha kundi lake moja la seva kutoka 1.23 hadi 1.24, na tovuti ikazimika kwa dakika 314. Lebo ya "master" iliyokuwa ikibandikwa kwenye seva za uongozi ilikuwa imeondolewa, nafasi yake ikichukuliwa na "control-plane". Notisi ilikuwapo tangu 1.20. Lakini mpangilio wa mtandao wa Reddit ulichagua seva kwa lebo ile ya zamani, na lebo ni maandishi tu. Hakuna njia inayoitwa, kwa hiyo hakuna pa kutundika onyo. Seva ikiulizwa mashine zenye lebo fulani na isizipate, hurudisha orodha tupu, na orodha tupu ni jibu halali. Kwa mambo ya aina hii, msimamizi bado analazimika kupekua faili zake mwenyewe, neno kwa neno, kabla hajapandisha toleo.