Hospitali Tusiyoonyeshwa

Kama hujatazama Pieces of a Woman, itazame kwanza, kwa sababu siwezi kuijadili bila kusema kinachotokea. Kornél Mundruczó aliiongoza, Kata Wéber akaiandika, na mwaka wa 2020 Vanessa Kirby alituzwa mwigizaji bora wa kike huko Venice kwa kuwa Martha, mwanamke wa Boston anayeamua kujifungulia nyumbani. Mkunga aliyemtarajia hapatikani, anakuja mwingine, Eva. Mtoto anazaliwa, analia, kisha anafariki baada ya muda mfupi. Kuanzia hapo ni maombolezo na kesi: mama yake Martha anataka Eva aadhibiwe.

Sifa kwanza. Tukio la kujifungua linaenda zaidi ya dakika 20 na kamera haibanduki. Tumezoea sinema ambapo mama anapiga mayowe mawili, picha inakatwa, halafu mtoto huyo ndani ya shuka safi. Hapa Martha anacheua, anakasirika, anacheka, anaingia kwenye maji, anatoka. Kamera inamfuata yeye. Mapigo ya moyo ya mtoto yanaposhuka na habari ya hospitali kuletwa, Martha anakataa, na neno lake linasikizwa.

Kiswahili kina vitenzi viwili vya jambo hili. Kuna kujifungua: ile "ji" inamwachia mwanamke kazi yake, yeye ndiye anayefungua. Halafu kuna kuzalishwa, ambapo mtu mwingine ameingia na kuchukua kazi, mama amebaki kulala chali akifanyiwa. Filamu inaanza na kitenzi cha kwanza. Mahakama inakuja na cha pili: nani alimzalisha huyu, na alikosea wapi?

Sasa lawama. Hatuonyeshwi hospitali ambayo Martha anaikwepa. Hatujui aliwahi kutendewa nini au alisikia nini kutoka kwa wanawake wenzake. Bila hiyo hospitali, kukataa kwake kunaonekana kama ukaidi wa mtu mwenye nafasi, na mtazamaji anabaki akinung'unika, "Si angeenda tu?"

Mtazamaji wa Kenya hahitaji kuonyeshwa. Dada yangu alijifungua katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alijua amechanwa njia pale alipoambiwa atulie ashonwe. Hakuna aliyemuuliza, hakuna aliyemweleza. Alipotaka kujua sababu, alijibiwa, "Si mtoto ako sawa? Sasa shida iko wapi?" Na kumbuka Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, halipendekezi wanawake wachanwe hivyo kama desturi tu.

Au chukua kesi ya Bungoma. Mwaka wa 2013 mwanamke alijifungulia sakafuni katika hospitali ya umma, manesi wakampiga makofi na kumtukana, na mtu akanasa hayo kwa video. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ilisema haki zake zilikiukwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Ona tofauti ya kesi hizi mbili. Ile ya filamu inauliza mtoto alikufaje. Ile ya Bungoma iliuliza mama alitendewaje. Hilo swali la pili ndilo gumu zaidi kwetu, kwa sababu linakataa kunyamazishwa na mtoto mzima.

Hapo ndipo filamu inaniangusha. Kwa kumuua mtoto, inafanya uamuzi wa Martha upimwe kwa matokeo peke yake. Sijaiona bado filamu ambapo mtoto anaishi, watu wanakuja na maziwa na khanga, na mama ndiye amebaki na jeraha ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Hiyo ndiyo hadithi ya kawaida, na kwa wengi haihesabiki hata kuwa hadithi.

Najua kuna atakayesema napiga vita madaktari. Hapana. Kuna wanawake wanaokufa nchini hii kwa kukosa upasuaji, damu au hata gari la kuwafikisha hospitalini. Kisu kikihitajika, kiletwe haraka. Lakini kumwambia mtu "mtoto amechoka, tunataka kukupasua kwa sababu hii, unakubali?" kunachukua sekunde ngapi? Hata kwenye dharura kuna nafasi ya sentensi moja. Na mwanamke anayeweza kukataa ndiye pekee ambaye "ndiyo" yake ina maana.

Kortini, Martha anaomba kuzungumza na anakataa kumtupia Eva lawama. Wengi waliona ni msamaha. Mimi naona anakataa kufanywa mtu aliyezalishwa. Uamuzi ulikuwa wake, na hasara ni yake pia, kwa hivyo hamwachii wakili amweleze yeye mwenyewe kilichotokea mwilini mwake. Dakika hizo chache za kortini zinatosha kuifanya filamu hii istahili kutazamwa, hata ikiwa na pengo lake. Itazame na mamako, na ukiweza, mwache aongee juu ya sauti ya filamu. Hospitali ambayo Mundruczó hakutuonyesha, yeye anaijua.