Shahidi Yuko Wapi? Uhakiki wa Lugha ya Mbiu za Simu

Makala haya yanakusudia kuhakiki aina ya maandishi ambayo bado haijapewa nafasi katika uhakiki wetu, nayo ni habari fupi za hatari zinazomfikia mwananchi kwa simu. Siku hizi ziko kampuni changa zinazounda programu za habari za mtaa na tahadhari za usalama, na wanaozijadili aghalabu ni wahandisi na wenye mitaji. Wao huuliza habari imefika upesi kiasi gani, na kwa watu wangapi. Lakini kinachofika ni sentensi, na sentensi hiyo yaweza kumwokoa mtu na yaweza vilevile kumtia panga mkononi. Swali letu basi ni la kilugha: katika sentensi hiyo nani asemaye, na amejuaje?

Jambo lenyewe si geni kwetu. Husemwa kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mbiu ni pembe ipigwayo, na mgambo, kwa maana yake ya zamani, ni tangazo kwa watu wote. Mpiga mbiu alikuwa mtu aonekanaye: alitumwa na mkubwa anayejulikana, akapita mitaani kwa miguu yake, na aliyetilia shaka maneno yake aliweza kumsimamisha na kumwuliza. Neno mgambo tangu hapo limesafiri. Katika Tanzania ya leo mgambo ni askari wa akiba, na mchuuzi wa barabarani alisikiapo hukusanya bidhaa zake na kukimbia. Toka tangazo hadi mtu mwenye rungu: safari ya neno hili moja yaonyesha jinsi ilivyo fupi njia baina ya kutoa habari ya hatari na kumsaka mtu.

Huko Marekani njia hiyo imepitwa kwa haraka zaidi. Oktoba 2016 ilitolewa mjini New York programu iliyoitwa Vigilante, neno lenye maana ya raia ajitwaliaye kazi ya polisi. Kampuni ya Apple iliiondoa katika duka lake baada ya siku chache. Mwaka 2017 ikarudi kwa jina la Citizen, yaani raia tu. Jina lilitawadhishwa, sarufi ilibaki ile ile. Habari zake huanzia kwenye redio za polisi na zimamoto, zikafupishwa kuwa tukio, mahali na saa, kisha zikapelekwa kwa walio karibu. Mei 2021, moto ulipozuka Pacific Palisades, Los Angeles, programu hiyo ilionyesha picha ya mtu mmoja na kutangaza zawadi ya dola 30,000 kwa ajili ya kumpata. Hakuwa yeye. Kisa hiki kimeelezwa kuwa kosa la wasimamizi, na hapana shaka ndivyo. Sisi twakiona kuwa kosa la utanzu pia. Maandishi yasiyo na mahali pa kuwekea neno "labda" humzoesha mwandishi wake kutolitafuta.

Tuchukue sasa mfano wa Kiswahili, wa kubuni: "Wanakuja leo usiku." Kwa maneno haya matatu mtaa mzima waweza kukesha. Kiambishi wa-, katika mazungumzo ya kawaida, hurejelea watu waliokwisha kutajwa. Hapa hawakutajwa, na msomaji hukamilisha mwenyewe kwa kuwaweka wale anaowaogopa. Mwandishi hakutukana kabila lolote. Hata Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ingepata taabu kumshika. Ukabila umeandikwa na msomaji.

Kadhalika, sentensi hiyo haisemi habari imetoka wapi. Ziko lugha, Kituruki mathalani, ambazo kitenzi chake huweza kubeba kiambishi cha kuonyesha kwamba msemaji hakushuhudia bali ameambiwa. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, lakini kina hazina ya maneno ya kazi hiyo hiyo: nasikia, inasemekana, nimeona kwa macho yangu, na lile neno dogo lenye nguvu kuliko yote, "eti". Bibi asemaye "eti wanakuja" ametoa habari na papo hapo ameikataa nusu yake. Sasa mpe bibi huyo programu ya simu yenye visanduku vitatu, aina ya tukio, mahali na saa. "Eti" haina kisanduku. Itadondoka njiani, na uvumi utatokea upande wa pili ukiwa umevaa nguo za taarifa.

Kwa mtazamo huu Ushahidi yastahili kusomwa kwa makini kuliko ilivyosomwa. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku tangu tarehe 30 Desemba 2007. Mwanzoni mwa Januari 2008 Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliunda tovuti ya kupokea habari za ghasia na kuzionyesha kwenye ramani. Ghasia hizo ziliua zaidi ya watu 1,100, na kwa hiyo hatuandiki haya kwa kuwabeza waliothubutu. Hata hivyo jina lenyewe lina mgogoro. Ushahidi, kwa desturi ya lugha, hutolewa na shahidi. Naye ni mtu awezaye kuitwa, akaulizwa, na akabanwa. Hapa shahidi ilibidi afichwe, kwani kutajwa kungemwua. Ukabaki ushahidi bila shahidi, jambo ambalo kisarufi lawezekana, maana nomino za u- hutuwezesha kuutaja uzuri bila kumtaja mzuri. Waundaji waliliona pengo hili: walizitenga habari zilizothibitishwa na zile zisizothibitishwa. "Eti" haikufutwa, ilihamishwa kutoka ndani ya sentensi ikawekwa pambizoni. Ni afadhali. Lakini msomaji mwenye hofu hasomi pambizo.

Mradi wa Una Hakika ulikwenda mbali zaidi. Chimbuko lake ni Delta ya Mto Tana, ambako mapigano baina ya Wapokomo na Waorma, yaliyopamba moto kuanzia Agosti 2012, yaliua zaidi ya watu 100, na uvumi ulikuwa miongoni mwa kuni zake. Shirika la Sentinel Project la Kanada, likishirikiana na watafiti wa iHub wa Nairobi, lilianzisha utaratibu ambao mwananchi hupeleka uvumi aliousikia kwa arafa au kwa kupiga simu, watu wa kujitolea vijijini wakauchunguza, kisha jibu likarudi kwa waliojiandikisha. Tazama jinsi mkabala ulivyogeuka. Msemaji hatakiwi kudai kwamba anajua. Anakuja na uvumi akiuita uvumi. Na yule wa kijijini aliyetumwa kuchunguza ana jina, ana jirani, na kesho atakutwa kisimani. Mpiga mbiu amerudi. Utaratibu huu ni wa polepole, na mwenye mtaji hataupenda kwa sababu hiyo. Sisi twaupenda kwa sababu hiyo hiyo.

Jina lake pia ni zuri, ingawa lataka sikio. Likiandikwa bila alama ya kuuliza, "una hakika" laweza kuwa swali na laweza kuwa kauli. Kiimbo ndicho kiamuacho, na arafa haina kiimbo. Lipo pia suala ambalo hatujaliona likijadiliwa. Kiswahili huchukuliwa kuwa lugha ya kati baina ya pande hizo mbili. Lakini Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, ilhali Kiorma ni lugha ya Kikushi. Swali lile lile humfikia Mpokomo kwa sauti ya jamaa, na Mworma kwa sauti ya skuli na ofisi ya chifu. Mtafiti atakayekwenda huko na aanze na Kiorma: wazee wake wana maneno gani ya kutenga kilichoonwa na kilichosikika, na yapi kati ya hayo yangeweza kuingia katika arafa bila kudondoka njiani?