Jinsi Bagika na Bagalu Walivyowafanya Watazamaji Kuwa Waamuzi

Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, kila kundi na upande wake. Hakuna meza ya majaji wala karatasi ya alama. Mtazamaji yuko huru kuhama apendapo, na kundi lililozungukwa na umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Kanuni hiyo fupi imezaa ubunifu mkubwa ajabu, na inastahili kuchambuliwa.

Tuanze na mpangilio. Simulizi za Usukumani hurudisha chanzo chake katikati ya karne ya 19, kwa waganga wawili mahiri wa ngoma, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ustadi na kwa dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Vyama hivyo viwili vilipoenea vijijini, kila kikundi kilizaliwa kikiwa na ndugu wa chama chake kila upande, na mpinzani asiye mbali. Ushindani haukusubiri kuitishwa na serikali.

Nguvu za kuendesha kikundi zilitoka shambani. Katika ngoma ya bugobogobo, wakulima hujipanga mstari mmoja, ngoma kubwa hupigwa karibu nao, na majembe hupanda na kushuka kwa mapigo. Mwenye shamba huwapa ujira au chakula, nao hupata faida nyingine isiyoonekana upesi: mazoezi. Watu waliolima pamoja msimu mzima hawahitaji kufundishwa upya kuanza na kukoma kwa pamoja. Mavuno yakishaingia ghalani, kati ya Juni na Agosti, miili yao tayari inasikilizana, na jembe lililokuwa zana ya kazi hurushwa hewani na kudakwa mbele ya umati.

Hapo ndipo kanuni ya umati inapoonyesha makali yake. Manju, yaani kiongozi wa nyimbo, hawezi kutegemea nyimbo za mwaka jana, kwa kuwa msikilizaji aliyezizoea ana ngoma nyingine hatua chache tu kutoka alipo. Kwa hiyo kila msimu hudai tungo mpya, zenye habari za sasa, sifa na vijembe kwa wapinzani. Vivyo hivyo kwa vitu vya kushangaza. Bayeye, mafundi wa nyoka na wa tiba ya sumu yao, hucheza na chatu hai. Vikundi vingine vimewahi kuinua sanamu za mbao katikati ya mchezo. Ugumu upo katika kuchagua saa. Ukitoa chatu mapema, watu watamwona kisha wahamie kwa jirani. Ukichelewa, hutakuwa na wa kumwonyesha. Kiongozi bora ni yule anayesoma mwendo wa watu huku akiimba.

Dawa za mvuto nazo zina nafasi yake. Kila chama kilikuwa na zake, na mchezaji aliyeziamini aliingia uwanjani bila woga. Kujiamini huko huonekana begani na mguuni, na watazamaji huvutwa nako.

Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha kituo cha Bujora huko Kisesa, karibu na jiji la Mwanza, katika miaka ya 1950, aliielewa mashine hii ya ushindani. Badala ya kuzipiga marufuku ngoma, alizikaribisha katika sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni, ambayo sasa inajulikana kama Bulabo. Uamuzi wake wa busara kuliko yote ulikuwa kuacha Bagika na Bagalu waendelee kushindana. Makumbusho ya Bujora hutunza ngoma na mavazi. Ushindani hutunza ufundi wenyewe.

Matamasha mengi ya leo hupandisha vikundi jukwaani kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa dakika chache, mbele ya majaji walioketi. Utaratibu huo ni rahisi kusimamia, lakini unamfundisha manju kumpendeza mtu mmoja mwenye kalamu. Maofisa utamaduni wa wilaya wanaotaka ngoma zenye uhai wajaribu njia ya Usukumani: watenge uwanja mmoja wenye pande mbili, waanzishe ngoma zote pamoja, na wawaache wananchi waamue kwa miguu yao. Gharama yake ni ndogo, na njia yenyewe imethibitishwa kwa zaidi ya karne moja.