Kiongozi Asiyetoa Jibu

Mwaka 2002, katika vijiji vya Rakai na Masaka kusini mwa Uganda, watu walioelemewa na sonona walianza kukutana mara moja kwa wiki, dakika 90 kila kikao, kwa wiki 16. Wanaume kikundi chao, wanawake chao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tiba iliyoasisiwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman, ambayo hushughulikia mambo manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Yote manne ni habari ya mtu na watu wake.

Kazi ya huyo kiongozi naistahi sana, maana ukimtazama juujuu utadhani hafanyi kitu.

Chukua mama anayelalamika kwamba mumewe hamsikilizi. Sisi wengine tungemmwagia ushauri palepale: vumilia, au rudi kwenu. Kiongozi aliyeiva hana haraka hiyo. Anauliza: mara ya mwisho ilikuwa lini? Ulisemaje? Naye akajibuje? Anayataka maneno yenyewe, pamoja na sauti iliyoyabeba. Kisha anawageukia wengine: "Dada, ingekuwa wewe ungeanzaje?" Mmoja anajifanya mume. Mama anayasema upya yale aliyoyasema jana kwa hasira, na wenzake wanamwonyesha ni wapi wamesikia ombi na ni wapi wamesikia shutuma. Anarudia, safari hii polepole. Wiki ijayo ataeleza yaliyotokea nyumbani. Kama mambo yaliharibika, wanaanza tena, na hakuna anayemlaumu.

Kimya nacho kina ufundi wake. Mtu akishikwa na kilio, mikono yote huwashwa kumnyamazisha. Kiongozi huacha kilio kiishe, akingojea mwenzake aliyepitia hayohayo afungue kinywa. Neno la huyo lina uzito ambao la mtaalamu halina.

Waandalizi wa mafunzo yale walilazimika kujifunza pia. Kijijini, mke aliyeudhika hamkabili mumewe kavukavu. Huenda akampikia chakula kibaya, na mume akaelewa. Kumfundisha mke huyo kubwata kungemletea balaa. Ikatafutwa namna ya kufikisha ujumbe bila kuvunja heshima. Marehemu naye hasemwi vibaya, kwa hiyo hata swali kuhusu mapungufu yake lilipangwa kwa upole. Kwangu mimi, hapa ndipo kazi ile ilipofikia ubora wake.

Irvin Yalom, daktari wa akili wa Marekani ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu tiba ya kikundi kilitoka mwaka 1970, alisisitiza kwamba mtu hufanya kikundini yaleyale anayoyafanya kwake. Anayemkatiza mkewe atawakatiza wenzake hapo. Jicho la kiongozi hulinasa jambo hilo, lakini huwaachia waliokatizwa walieleze wenyewe.

Matokeo ya Uganda yalichapishwa mwaka 2003. Vijiji 30 vililinganishwa, nusu yake vikiwa vimepata tiba, na sonona ilipungua mno kwa waliohudhuria. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo. Huko vijijini, wiki 16 zilipokwisha na viongozi wakamaliza kazi, vikundi vingi viliendelea kukutana vyenyewe.